Kitabu cha Kuanzia Kuunda Sauti

Laini ya Juu,
Boito, Bomet.
15 Juni 2025.

Mpendwa kaka Mochama,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye ukungu wa huku kwetu. U hali gani huko Minnesota, wewe na shemeji Kwamboka? Mgongo wako umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila mafua ya Juni hayajaniacha. Mama alinipigia simu kutoka Keroka. Magoti yanamsumbua lakini hataki kuacha jembe.

Ulisema rafiki yako anakuja nyumbani Agosti na ana nafasi ya kitabu kimoja tu kwenye mzigo wake, basi nichague. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuchagua kulinishinda.

Hali ya hapa imebadilika. Tangu mashine za kuchuma chai ziletwe, wachumaji wengi wameondoka na nyumba zao ziko tupu. Hata Bochaberi, jirani yangu tuliyeimba naye sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, alirudi kwao Nyamira mwaka jana. Mimi nimebaki kwa sababu ofisi bado inahitaji karani. Kwaya ilipovunjika niliachiwa kinanda cha kwaya, kibovu.

Nilikipeleka kwa Weldon, fundi wa simu pale Roret. Alikifungua akakuta panya wamekula nyaya na kutu imejaa ndani.

"Hiki kimekufa, madam," akaniambia. "Lakini sauti ni umeme tu unaoenda na kurudi haraka. Ukijifunza, unaweza kuunda chombo chako mwenyewe."

Maneno hayo yalinikaa. Nikanakili mchoro mmoja kutoka kwenye simu, nikanunua kwake vipande vya umeme, yaani chipu, rizista na kapasita, nikaunganisha na betri na spika ya redio ya zamani. Jumapili moja baada ya ibada, kikalia. Nilipozungusha kitufe, sauti ilipanda kama ndama anayemwita mamake. Kabla sijafikiri nilikuwa nimefungua mlango na kuita, "Bocha, njoo usikie." Mlango wake una kufuli, na magugu yamefika dirishani. Nilirudi ndani nikatoa betri.

Shida ni kwamba sikujua kwa nini kililia. Nilipobadilisha rizista kilinyamaza, na mpaka leo sijajua nilikosea wapi. Ndiyo maana nilizisoma polepole zile kurasa za vitabu vitatu ulizonitumia kwa simu.

Kitabu cha kwanza kinaanza na hesabu. Nilipotea kabla sijafungua ukurasa wa pili. Cha pili kina michoro ya kupendeza ya sinthesaiza, vile vinanda vya umeme, na nusura nikichague, lakini ni kama mapishi: weka hiki hapa, unganisha kile pale. Ukimaliza una chombo kimoja na hujui kubuni kingine. Cha tatu hakina urembo wowote. Kinaanza na betri na taa ndogo, kinakuambia upime kwanza, halafu kinaeleza ulichokiona. Mambo ya kutoa sauti na kuichuja yanakuja baadaye sana.

Nilimwonyesha Weldon zote. Akasema kitabu cha anayeanza ni kile kinachokuacha uunguze kitu kidogo, kisha kikueleze kwa nini kimeungua. Akagusa hicho cha tatu. Halafu akaniuliza, "Na ukikwama huko Boito, utamuuliza nani?"

Swali hilo nilitoka nalo, kaka. Njia yote ya kurudi nilikuwa nikilitafutia jibu.

Basi nimechagua hicho cha tatu. Lakini nina ombi, na usinicheke. Nunua viwili. Kimoja mpe rafiki yako, kingine ubaki nacho. Najua wewe ni mtu wa hospitali na nyaya hazikuhusu. Soma tu ukurasa mmoja kila Jumapili, halafu unipigie uniulize nimeelewa nini. Hata usipoelewa wewe, uliza tu. Nataka kuwe na mtu anayejua niko ukurasa gani.

Nisalimie shemeji na watoto, na baba mdogo Joab akipita kwenu. Mungu awafunike na awatunze huko ugenini.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukungoja,
Moureen