Arusi ya Binti wa Mwimbaji

Jumatatu, 3 Juni
Mikate imechelewa tena kufika dukani. Nimeuza maziwa na sigara, nimerudi nyumbani Bellevue miguu inawaka. Sauti ipo bado, nimeijaribu bafuni. Jumamosi Hodan anaolewa. Mwanangu wa pekee. Buraanbur yake, mashairi yetu Wasomali ya kumsifu bi arusi na kutaja wazee wake, nimeitunga tangu yuko tumboni.

Jumanne, 4 Juni
Hodan kaja spaza, kiduka ninachouzia. Wakwe hawataki niimbe. Wameona picha zangu za Mombasa nilikokulia: jukwaani, kichwa wazi, wanaume na magitaa nyuma yangu. Wamemleta mwimbaji wao kutoka Cape Town, mwanamke mwenye heshima zake, eti. Muziki ule ndio uliomlisha huyu mtoto.

"Mama, please, siku hiyo ukae tu," alisema. Nimeahidi. Nimechukia.

Alhamisi, 6 Juni
Mwimbaji wao kapiga simu. Anataka majina ya bibi zake Hodan kwa upande wangu. Yaani kazi yangu, kwa mdomo wa mwingine! Nimempa, huku nahudumia wateja. Nikamwambia arudie. Akasema sharp, yaani sawa, ameshika, akakata.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbini Bertrams, wanawake pekee. Ngoma, ubani. Hodan kapendeza mpaka nikaumia.

Kwa upande wa bwana arusi yule mwanamke hakukosea hata jina moja. Akaja kwa upande wangu. Akamtaja mama yangu, akakwama kwa bibi yangu Dahabo. Ngoma inaendelea, maneno hayapo. Watu wakaanza kutazamana. Jina likirukwa ni kama kusema bi arusi hana kwao kwa mama.

Hodan akanitazama.

Sikusimama. Niliahidi kukaa, nikakaa. Nikaimba nimekaa. Nikamtaja Dahabo, na mama yake Dahabo, nikamaliza beti zote. Vigelegele. Mama wa bwana arusi akainamia sahani yake. Hodan alilia, sijui kwa furaha au kwa aibu. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Juni
Hodan katuma video ya arusi. Na ujumbe mfupi: wakwe wameirekebisha kidogo, nisikasirike.

Nimeitazama dukani asubuhi. Naonekana kwenye kiti, mdomo unafunguka na kufungika. Sauti yangu wameitoa, wameweka kasida ya mwanamume fulani. Hodan ananitazama, midomo yake inafuata maneno yangu. Sikujua kama anayajua.

Nimeirudia mpaka gari la mikate likafika. Nimeipanga mikate.