Nisindikize Mpaka Barabarani

Bagara, Babati
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la viazi, yule wa kijijini kwetu, aliyepita hapa kushusha mzigo sokoni. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Upendo akusomee, maana dada yangu namjua, ataruka mistari anayodhani itakuumiza.

Habari za nyumbani, na goti lako linaendeleaje? Najua utajibu salama. Kwenye simu huwa unasema salama hata sijamaliza kuuliza, na mimi nakujibu salama, tunaagana wazima wote wawili. Lakini Upendo ameniambia kwamba tangu tumzike Baba huendi tena kwenye sala za jumuiya, sahani yako inarudi jikoni kama ilivyokuja, na ukiulizwa unasingizia goti. Mama, naogopa. Ndiyo maana nimeandika.

Basi nianze mimi kusema ukweli. Nimechoka. Asubuhi niko zahanati nachoma sindano na kufunga vidonda, jioni nasomea shahada hii ya afya ya akili na ustawi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na Jumamosi natembea mashambani kwa ajili ya utafiti. Mama Deo, mwenye nyumba wangu, akiniona narudi na vumbi mpaka magotini huniuliza, "Daktari wa vichaa, leo umewapata wangapi?" Namjibu nimempata mmoja tu, mimi mwenyewe. Anacheka, ananipakulia kande. Mwezi uliopita niliandika barua ya kuacha chuo. Sikuituma, ila sijaichana pia.

Kilichonivunja nguvu ni dodoso. Nilitakiwa kuzungumza na watu ishirini wa kata ya Sigino kuhusu hali zao za moyo. Nikaandika maswali yangu kwa adabu, kama ulivyonilea: habari za usingizi, habari za chakula, habari za mawazo. Wote ishirini wakajibu nzuri, tunamshukuru Mungu. Sasa Mama, wangejibu nini kingine? Nani anaulizwa habari na mgeni ambaye ndiyo kwanza amepewa kiti, akaanza na mabaya? Nami nikajaza karatasi zote, nikatuma. Msimamizi wangu akazirudisha na mstari mmoja tu: "Kata nzima haina mwenye huzuni? Rudia." Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikarudia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja ambaye jina lake sitalitaja, maana chuo kinatukataza. Alikuwa uani anachambua mbaazi. Kijana wake alikwenda machimboni, huu mwaka wa pili hajasikika. Nikamuuliza yale yale. Nzuri. Nzuri. Namshukuru Mungu. Nikafunga faili, nikaaga. Akajifunga kanga akanisindikiza, kama ilivyo desturi. Tulipopita zizi la ng'ombe, bila kunitazama, akasema, "Ile ya chakula uliyoniuliza. Mimi bado napika cha kwake. Kikipoa nampa mbwa, halafu nawaambia majirani kilizidi."

Unajua nilifanya nini? Nilitoa kalamu. Akaiona, akasimama. "Haya baba, nenda," akasema, "bodaboda zitakuishia." Nilijilaumu njia nzima.

Jumamosi iliyofuata nilirudi bila faili. Nikanywa chai, sikuuliza kitu, nikaaga. Akanisindikiza. Tulipofika barabarani alikuwa bado anazungumza, hivyo nikageuka nikamsindikiza yeye mpaka kwake, naye akanirudisha tena barabarani. Watu waliokuwa wakipalilia walituona tukienda na kurudi, wakatuuliza tumepoteza nini. Mwishoni alijifuta uso kwa kanga akaniambia, "Jumamosi upite tena." Hakuna cha ajabu nilichomwambia, Mama. Nilitembea naye tu. Siku hizi kila nyumba naaga mapema, kisha natembea polepole, na ninayoyasikia njiani hayafanani kabisa na yale ya kwenye kiti. Msimamizi bado hajanijibu kama atayakubali.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Siku niliyoondoka kurudi huku baada ya mazishi, ulinisindikiza na hilo goti mpaka kwenye ile miti ya miwati iliyo karibu na barabara. Ukasimama, ukaanza, "Baba yako, asubuhi ile kabla hajatuacha, ali..." Nami nikasema, "Mama, gari hilo," nikakimbia. Hata mkono sikukupa vizuri. Miezi minane imepita, na sasa nasikiliza mama za watu huku Sigino, na wangu nilimkatiza kwa sababu ya basi. Naona aibu, na nakuomba unisamehe.

Nisalimie Upendo, mwambie asinune kwa kuwa sikumwandikia yeye. Msalimie Baba Mdogo anayekulimia viazi, na Bibi mzaa baba, ambaye naye amempoteza mwana na sijawahi kumuuliza chochote. Mama Deo anakusalimu. Hamjaonana, lakini anasema anakujua kwa jinsi ninavyomsifia maharage yako huku nakula ya kwake.

Desemba nakuja. Siku ya kuondoka gari litapita saa sita mchana, lakini mimi nitaaga saa mbili asubuhi. Chukua kanga yako unisindikize. Tutakwenda polepole kwa ajili ya goti, simu nitaiacha ndani ya begi, na tukifika kwenye miwati hujamaliza, nitakurudisha mpaka nyumbani tuanze tena. Gari likipita, lipite.

Ni mimi mwanao, niliyekuacha katikati ya maneno,

Elia