Nyuma ya Pazia la Bushra

Ilemela, Mwanza

Dada yangu mpendwa Bernadetta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea, wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi yenu imepunguza ukali. Sisi hapa tu wazima. Ziwa limetulia, na upepo wa asubuhi unapanda hadi kwenye majabali ya nyuma ya nyumba. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama ndiye aliyeagiza hivyo. Anataka usome ukiwa peke yako, usilazimike kumjibu mtu papo hapo. Usiogope.

Unakumbuka kwamba mwezi uliopita Mama alitoka Bukoba, akapitia kwangu, akapanda ndege kwenda Dar es Salaam. Sote tulielezwa kwamba anakwenda kumwona mjomba Mutalemwa. Asubuhi ile nilikuwa zamu kwenye ukaguzi wa abiria. Aliniita kwa jina la utotoni mbele ya foleni nzima, akanikumbatia. Alinukia kahawa, nikadhani ni zile buni anazotafuna tangu tukiwa wadogo.

Kikapu chake kilipoingia kwenye mashine, kikaonekana kisu cha kumenyea ndizi. Mama akahoji ni ndege gani hiyo inayoogopa kisu chenye kutu. Abiria mmoja nyuma yake akadakia kwamba tumwache bibi wa watu apite, kwani atateka ndege kwa ndizi? Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini kisu kilibaki. Kazi hii imenifundisha, dada, kwamba tukimpitisha bila kumkagua kila anayefanana na mama zetu, mwenye nia mbaya atajifunza kufanana nao.

Alipopita kwenye mlango wa kukagulia, ukalia. Akavua saa, ukalia. Akavua rozari, ukalia tena, na hapo utani ukamwisha. Alishika kifua cha gauni lake kwa mikono miwili, akasema basi, safari iishie hapo, arudi zake nyumbani. Sijapata kumwona Mama akiogopa namna ile, hata siku tuliyomzika Baba.

Kwa utaratibu wetu, mtu hakagui ndugu yake. Nikamwita mwenzangu Bushra, wa kule Mabatini. Akamwamkia Mama, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba atamkagua kwa mkono, nyuma ya pazia, mbali na macho ya watu, na kwamba kama kuna mahali panapohitaji kuguswa taratibu, amwambie mapema. Wakakaa huko kitambo. Walipotoka, Mama alikuwa akinyoosha kilemba chake, na Bushra akatamka tu kwamba abiria hana tatizo.

Nilimsumbua Bushra kwa siku nyingi. Nilimwambia yule ni mama yangu mzazi. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba nikitaka habari za mama yangu nimuulize mama yangu. Nikamwita jiwe. Akacheka, akanimiminia chai.

Jumamosi iliyopita Mama alirudi. Tukiwa tunamenya ndizi jikoni, akaniuliza kama yule binti wa ushungi aliniambia alichokiona. Nikasema hakuniambia neno. Akaweka kisu chini. Alisema alikuwa na hakika kwamba akirudi atakuta ukoo mzima una habari, na njia nzima alikuwa akiandaa maneno ya kutugombeza. Kwa kuwa jambo bado ni lake, alisema, atalisema mwenyewe.

Dada, mwaka jana, tulipodhani yuko kwenye mafungo ya akina mama wa parokia, Mama alikuwa hospitali. Aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Tangu hapo huvaa la kitambaa, alilolishona kwa mkono wake na kulijaza buni kavu ili liwe na uzito, akalibana kwa pini kubwa. Pini hiyo ndiyo iliyoufanya mlango ule ulie. Alichoogopa ni kufunuliwa mbele ya foleni, nami nikitazama. Dar alikwenda kupimwa, na madaktari hawakuona dalili ya ugonjwa kurudi. Ataendelea kupimwa, na ameshasema kila safari atapita kwa Bushra.

Anakuomba usimlilie, wala usimkataze kupalilia migomba yake.

Nisalimie shemeji na watoto. Utakapokuja Desemba, mkumbatie Mama kwa nguvu kama siku zote. Utasikia harufu ya kahawa. Usiseme kitu, mkumbatie tu.

Mdogo wako akupendaye,
Prudencia