Nyamizi, Wamenitenga na Mimi

Nyamizi mwenzangu,

Usiucheke mwandiko. Shule tuliiacha pamoja darasa la pili, unajua. Lakini haya sitaki mtu aniandikie.

Umeniachia balaa wewe mwanamke! Nilikwambia nyamaza pale mkutanoni, mbolea ya kikundi ikipotea hukuibiwa peke yako. Wapi. Ukasimama, kanga umeifunga kiunoni: "Mwenyekiti, mifuko yetu iko wapi?" Hujafika hata nyumbani, simu zimeshajaa. Nyamizi mchochezi. Nyamizi ametengwa, asisalimiwe, asipewe moto, atakayemwitikia atengwe naye. Picha yako wakaichorea pembe, na watu wazima na ndevu zao wakacheka.

Ukaugua hivyohivyo, hakuna aliyekupigia hodi ila mimi.

Sasa nikupe habari za msiba wako. Hapa Usoke hata akifa mlevi, wanawake tunabeba maji na unga, wanaume wanachimba. Kwako mkeka ulikuwa mmoja, nimeukalia mimi. Kaburi kachimba mwanao Masanja. Mtoto, kaburi la mama yake! Nikampelekea maji, akanawa udongo, akaendelea kuchimba.

Mtu akanipiga picha, ndoo kichwani. Mjukuu wangu Shija akanisomea kwenye simu: na mimi nimetengwa. Nikacheka, Nyamizi. Nikasema, wataniweza wapi hawa?

Wameniweza. Tumbaku ilipoiva hakuja mtu kunisaidia kufunga majani kwenye fito. Yameozea nje, bani yangu ya kukaushia tupu. Nikifika kisimani maneno yanakatika. Mwenyekiti kaniletea salamu: niseme kwenye simu kwamba ulikuwa mwongo, wairushe sauti yangu kwenye kundi lao, yaishe. "Bibi, neno moja tu, aliyekufa hasikii." Mpumbavu mkubwa! Lakini mkwe wangu analia, niseme tu, watoto wake hawana wa kucheza naye. Yeye nimjibu nini?

Jana Shija kapita njiani na wenzake. Shija niliyembeba mgongoni mimi. Akanitazama, akawatazama wenzake, akapita. Hakuniamkia. Mdomo wangu umezoea, ukatoa marahaba yenyewe. Nimeitikia upepo, kama mwehu.

Aliporudi sikumgombeza. Mimi, Nyamizi, nishindwe kumgombeza mtoto! Nilimpakulia ugali, nikakaa.

Sina la kufanya. Nimeligeuza huku na huku, sina.

Haya, lala mwenzangu. Jina lako siwezi kukurudishia, na mimi mwenyewe sijui nani atanichimbia. Ninachokuahidi ni kidogo: neno wanalolitaka halitatoka mdomoni mwangu. Wakilihitaji sana, waliseme wenyewe.

Ni mimi,
Kalunde