Sweta ya Manjano

Magunga,
11 Agosti, 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Metrine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Magige. Natumaini u mzima huko Suna, na cherehani yako bado inalia kutwa kama wakati tulipoishi mlango kwa mlango. Sisi tunapumua. Mahindi tumevuna.

Najua unanisikitikia tangu ile damu ya mwezi wa tano. Mimba ilikuwa changa, ya miezi miwili tu. Mama mkwe aliangalia kitambaa akasema imetoka, na kosa ni langu kumfumia mtoto sweta kabla hajazaliwa. Hakuna aliyenipeleka kupimwa. Magige alilia nyuma ya zizi. Mimi sikulia, nilisonga ugali, wakala. Ulipokuja kunipa pole nikakupa ile sweta, hata sikuikunja.

Tangu hapo nimekuwa gogo tu. Siku zangu hazikurudi, nikasema mwili nao umechoka. Wiki jana kitu kikaanza kuchezacheza tumboni. Nikajua ni minyoo, nikaenda Homa Bay kutafuta dawa.

Nesi alinibonyeza tumbo, akauliza ni minyoo gani hii ya miezi mitano. Nikamweleza habari ya damu. Alikasirika kweli. Alisema damu ya mwanzoni mara nyingine hukatika na mimba ikabaki. Mara nyingine mimba inatoka, au imeshika nje ya mji wa mimba na yaweza kumuua mama. Kwa macho huwezi kujua, lazima upimwe siku hiyo hiyo. Habari ya sweta alicheka tu. Kisha akaweka sikio kwenye chombo chao cha mbao cha kusikilizia tumbo, akanipigia kwa kidole mkononi jinsi moyo wa mtoto unavyokwenda. Unakwenda mbio.

Dada, nakuambia wewe peke yako: sikufurahi. Nilisema asante, nikanunua omena wa kitoweo, nikarudi nyumbani. Magige sijamwambia. Alishamlilia mtoto huyu mara moja, nami naogopa kumpa tumaini ambalo mwenyewe sina. Nilishamzika moyoni, na sijui anafukuliwaje.

Wasalimie wote wa pale plotini tulipopanga. Ile sweta usinirudishie sasa. Lakini tafadhali, usimpe mtu.

Ni mimi rafiki yako,
Nyasuguta