Njano Niliyoiona Machoni mwa Baba

Jumanne. Ukungu umekaa hapa kijijini Mahongole tangu alfajiri, nami sijashika brashi.

Mwaka jana nilipata ufadhili, nikakaa Ulaya miezi mitatu. Kila siku nilikuwa kwenye makumbusho, najifunza jinsi mabingwa wa zamani walivyopaka rangi ya ngozi. Chini wanaweka kijani, juu yake wekundu, na mahali mfupa ulipo karibu, kama kwenye paji la uso, buluu kidogo. Weusi wachache waliokuwamo kwenye picha zile walisimama pembeni na sinia mkononi, wamepakwa kahawia moja tu, kama mlango.

Niliumia. Nikaapa kumchora Baba kwa uangalifu ule waliopewa wafalme.

Niliporudi, Mama alikuwa Kichiwa kwenye shamba la viazi, kwa hiyo tulibaki wawili. Baba alikaa barazani, nikachora. Siku ya pili niliona njano kwenye weupe wa macho yake, na kwenye viganja.

Nikafurahi.

Naandika jambo hili kama lilivyo. Nilidhani jicho langu limekomaa, naona wasichokiona wengine. Nikaichanganya njano ile kwa subira, nikaipaka, nikaweka picha hapa kwenye blogu kabla haijaisha. Mliisifia.

Siku hiyohiyo Baba alisema, "Siku hizi chakula hakina ladha kabisa."

Nikamjibu, "Usitikise kichwa, Baba."

Jana, hospitali kule Njombe, daktari alimvuta kope ya chini, akatazama. "Macho yamekuwa hivi tangu lini?"

Nilijua siku yenyewe. Nyuma ya picha huwa naandika tarehe. Ni miezi miwili na nusu.

Ini lina uvimbe, na umeshasambaa. Daktari hakusema kwamba tungekuja siku ile tungewahi. Hakusema pia kwamba tusingewahi.

Leo mchana Baba aliomba kuiona picha. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni mgonjwa," akasema. "Uliniona hivi?"

"Ndiyo, Baba."

Alinishika mkono, akasema, "Imalize. Ila univalishe lile shati la kanisani."

Angenigombeza ningepumua.

Mama hajui chochote. Kwenye simu tumemwambia ni malaria. Kesho anapanda gari la asubuhi kuja. Nitaanza na lipi: kwamba si malaria, au kwamba niliona?