Maua ya Bure Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 3 Juni

Kibibi ameingia sasa hivi na pua ya njano. Njano kabisa, kama ameichovya kwenye bizari! Akasimama mbele yangu, mikono kaiweka nyuma — ndiyo maana tunamwita Kibibi, miaka mitatu hajafika lakini anatembea kama ajuza anayekagua shamba lake — akapiga chafya moja kubwa, akajicheka mwenyewe, akatoka tena. Mkononi alikuwa na ua la boga limesinyaa. Moja ya yale ninayompa kila asubuhi achezee.

Nilimfuta na kona ya gauni. Haitoki vizuri. Ukisugua inaenea mpaka mashavuni. Unga gani huu?

Huko nyuma ya nyumba, bustanini, mambo yako hivi. Nyanya zimenifika magotini, lakini ua hata moja. Mchicha umetobolewa na wadudu, umekuwa chujio. Kunde njiwa walifukua mbegu zote, nimepanda upya. Boga ndilo linanipa moyo. Limetambaa mpaka kwenye bomba la maji, sasa linautamani ukuta. Na maua tele! Lakini vile viboga vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, vinageuka manjano na kudondoka. Leo tena viwili. Nimevikuta chini, laini kama vimechemshwa.

Sielewi. Maji natia. Mbolea nimetia. Na yale maua ya bure — yale ya kikonyo kirefu chembamba, chini yake hamna kitu — nayakata yote mapema, yasije yakanyonya nguvu za mmea. Ili nguvu zote ziende kwa wenye mimba. Sasa mbona?

Jumatano, 5 Juni

Mama Funguo alikuja. Mwenye nyumba wetu. Ana funguo za nyumba nzima kiunoni, ukisikia chakacha-chakacha getini unajua kaingia.

Hakukaa. Alisimama pale kwenye bomba akaangalia kile kipande changu cha udongo kama mtu anayeangalia nguo iliyomwagikiwa mafuta. Mpwa wake amenunua gari. Gari halina pa kulala. Anataka kumwaga saruji nyuma yote.

Nikamwambia, mama, hapa si ulinipa nilime?

— Nilikupa ulime, mwanangu. Umelima nini? Naona nyasi.

— Huu mchicha, mama.

— Majani! Majani yanaota hata mferejini, hayajaombwa na mtu. Sikiliza. Mimi nakwenda kwa binti yangu, amejifungua. Nikirudi nikute kitu humu cha kutia chunguni. Kitu chenye uzito, ukikishika mkono ujue umeshika. Nikikikuta, mpwa wangu atatafuta kwingine pa kulaza gari lake. Nisipokikuta, fundi saruji anaingia. Tusilaumiane.

Nikasema sawa, mama. Kibibi akamfuata mpaka getini, mikono nyuma vilevile, hatua kwa hatua. Nadhani nilimwona Mama Funguo akibana midomo asicheke.

Chumba chetu ni kimoja. Kitanda, meza, jiko, sisi watatu. Ua wa jirani wa kulia umemwagwa saruji. Wa kushoto saruji. Ule wa mbele saruji, na vigae juu. Udongo uliobaki ni huu tu, hauzidi mkeka mkubwa. Kibibi hapo ndipo alipojulia kuchimba, hapo ndipo alipomwona mnyoo wa kwanza akampungia mkono. Na mimi — niseme kweli, hapa hasomi mtu — nataka nione kitu kimoja nilichokianza mimi kikafika mwisho. Shule niliiacha njiani. Ushonaji niliuacha mimba ilipokuwa kubwa. Boga jamani. Boga moja tu!

Jumapili, 9 Juni

Leo nina kichwa kinachozunguka. Niandike kwa mpangilio.

Baba Kibibi alirudi asubuhi kutoka zamu yake ya usiku ya kuoka mikate, unga mpaka kwenye kope. Hakwenda kulala moja kwa moja, akakaa na chai yake juu ya ndoo iliyofunikwa, ananiangalia nikikata maua.

— Unafanya nini?

— Nafukuza wavivu. Hawa hawazai, wanakula bure.

— Na hao wengine?

— Hao wana viboga. Hao nawaacha.

— Na viboga vinadondoka.

— Ndiyo, vinadondoka.

Akanywa chai. Akafikiri. Akasema, kwa hiyo mke wangu, umewafukuza wanaume wote mtaani, halafu unawauliza wanawake mbona hamzai?

Akacheka mpaka chai ikapanda puani. Na mimi nikacheka. Nikacheka, nikacheka — nikanyamaza. Kisu kiko mkononi bado. Yeye alikuwa anatania tu, wala hakujua amesema nini. Akanibusu na unga wake akaenda kulala.

Nikachuma ua moja la kila aina, nikayapasua kwenye sahani. Hayafanani hata kidogo! Kwa nje ni mapacha, kwa ndani kila mmoja na mambo yake. Lile la bure lina kidole kimoja katikati, kimejaa unga wa njano — ule ule wa pua ya Kibibi. Lile la kiboga halina unga. Lina kitu kama midomo imebinuliwa, mibichi, inanatanata ukiigusa.

Chavua! Neno likanijia nikiwa nimeshika sahani. Mwalimu alituchorea ua ubaoni, sisi tukanakili. Mimi nilipaka rangi vizuri kuliko wote, akalionyesha darasa zima. Lakini chavua inafanya kazi gani sikuuliza. Rangi zilinitosha.

Sasa ndiyo nauliza. Unga unatoka huku, unatakiwa ufike kule. Na mimi kila asubuhi nimekuwa nikiwakata wenye unga, nampa mtoto anusie!

Jumatatu, 10 Juni

Nilipeleka maua kwa fundi saa wa mlango wa pili. Nilitaka ile lenzi yake ya jichoni, basi. Akaniuliza imesimama lini. Nikamwambia si saa, fundi, ni ua. Akasema mimi vitu visivyo na springi sivijui, lakini lete.

Akaangalia yeye kwanza, muda mrefu. Nikamwambia fundi, zamu yangu. Ngoja kidogo, mwanangu. Fundi! Ngoja!

Jamani ule unga. Si unga. Ni vijimpira, kila kimoja na miiba yake midogomidogo, kama vile vya porini vinavyonasa kwenye nguo. Na ile midomo ya ua jike inang'aa kwa utomvu. Huyu ana miiba ya kunasa, yule ana utomvu wa kunasia. Nani aliyekaa akalipanga hili?

Fundi akauliza, sasa kinavukaje, maana mguu hakina. Nikasema nyuki, labda. Tukatoka nje wote wawili kuwatafuta nyuki. Nyuki hakuna. Waje kufuata nini? Saruji kulia, saruji kushoto.

Akasema basi nyuki itabidi uwe wewe. Akarudi kwenye saa zake akicheka peke yake.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mchana, baada ya kufua. Maua yote yamefumba! Yamejikunja kama miavuli. Nimelifungua moja kwa nguvu, likachanika. Basi. Nimejifunza kwamba mtu haendi kwa watu wakati wamelala.

Alhamisi, 13 Juni

Jana hakukuwa na ua jike. Leo lipo!

Liko kwenye kona ya ukuta, chini ya jani kubwa. Nilitoka kabla jua halijapanda juu ya paa, umande bado uko. Madume mawili yamefunguka pale kwenye bomba. Nikachuma moja, nikalimenya — nikayatoa majani yake ya njano yote — kikabaki kile kidole tu na unga wake. Nikapiga magoti. Nikakipakaza kwenye ile midomo, huku, na huku, na katikati. Ukashika! Niliuona ukishika.

Kibibi alikuwa ameinama pembeni yangu, pumzi inamtoka kwa mdomo. Akauliza, mama, unampaka dawa? Nikamwambia nampaka chavua. Akasema anaumwa? Nikasema hapana, anataka mtoto. Akalitazama lile ua kwa huruma sana. Akaliambia, pole.

Baba Kibibi akatokea na mfuko wake wa mkate. Kumbe harusi, mbona sikualikwa? Nikamwambia mshenga ni wewe, ulipiga porojo juu ya ndoo. Hakuelewa. Nikamweleza yote, tumesimama pale kwenye matope, na yeye macho mekundu ya usingizi lakini anauliza tu. Na dume likiwa la mmea mwingine? Na usipomenya? Na ukipaka la nyanya? Alilala amechelewa. Nimefurahi, sijui kwa nini hasa. Tumeoana tuna mtoto na sijawahi kumfundisha kitu.

Jumamosi, 15 Juni

Halijadondoka.

Jumapili, 16 Juni

Halijadondoka. Ua lake limenyauka mbele, lakini kiboga kimesimama wima, kijani. Nilitaka kukibonyeza nione kama ni kigumu. Nimejizuia. Nimekaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa.

Jumatano, 19 Juni

Limefika ukubwa wa ngumi. Ngumi ya baba Kibibi, si yangu. Nimelitandikia kipande cha ubao lisioze chini. Lina mistari myeupe, imeanza kujichora yenyewe kuanzia kwenye kikonyo. Jana haikuwepo, naapa.

Nimepaka majike mengine mawili. Moja limekataa, limeanguka leo asubuhi. Nilikwenda nalo kwa fundi saa, tukalipasua. Ndani vijimbegu vilikuwa vitupu upande mmoja. Fundi anasema labda chavua haikufika pande zote, ulipaka huku ukazembea kule. Inawezekana! Siku ile Kibibi alikuwa anataka kukojoa. Kesho napaka kwa kuzunguka, kama anayepaka siagi ukingoni mwa mkate.

Lakini mpwa wa Mama Funguo amekuja na kumwaga mchanga getini. Rundo zima. Nikamuuliza, kaka, na huu? Akasema wa saruji, shangazi anarudi Jumatatu. Nikamwambia shangazi yako alisema nikiwa na kitu cha kutia chunguni anaacha. Akaangalia boga langu. Akasema dada, hicho ni cha kutia mfukoni.

Nimekwenda kulitazama. Kwa kweli lingetosha mfukoni.

Jumamosi, 22 Juni

Si mfukoni tena. Halitoshi kwenye bakuli la Kibibi. Tumelijaribu kwa kuliinamishia bakuli juu, kama kofia, likakataa. Linanenepa mchana au usiku? Nimelifunga uzi kiunoni jioni nione.

Jumapili, 23 Juni

Uzi umekaza. Nimeukata haraka, nimeogopa nisilinyonge.

Usiku!

Jumatatu, 24 Juni

Wamo. Naandika hapa dirishani, nimesimama, maana nikibaki na mikono mitupu nitalia.

Mama Funguo ameingia na fundi saruji, fundi ana futi. Nimewasalimia, nimeuliza habari za mjukuu, akasema hajambo, mnene, kafanana na mimi. Kisha akasema, haya, kitu kiko wapi? Nikainua jani.

Akainama. Akatia kiganja chini ya boga, akalipima uzito bila kulichuma — moyo wangu ulikuwa pale pale kwenye kikonyo. Akasema halijakomaa. Nikasema ndiyo mama, bado wiki kadhaa. Akasema hili haliingii chunguni leo. Nikasema haliingii. Nikamweleza kwa nini kubwa ni moja tu, wavivu niliowakata, unga, midomo, nyuki. Nilieleza vibaya, nikirukaruka. Akanikatiza, akasema mimi mwenyewe nimekata hayo maua miaka yote shambani kwa marehemu mume wangu, kila msimu yeye akilaumu udongo. Nikamwambia nakuja mama, nachemsha chai, nikakimbilia ndani.

Fundi amefungua futi. Ameshika ncha moja, anatafuta wa kumshikia nyingine. Anamuuliza aanzie ukutani au kwenye bomba. Hajibiwi. Mama Funguo amekaa chini, chini kabisa kwenye udongo na gauni lake la safari, ananyanyua majani moja moja, anachungulia. Kibibi amechuchumaa naye, anamwonyesha kwa kidole. Fundi anauliza tena. Amenyooshewa mkono, angoje. Mama Funguo ameliona lile ua lililofunguka kwenye kona ya ukuta, analigeuza huku na huku, hajui — ananiita! Mama Kibibi, acha hiyo chai, njoo uniambie hili hapa ni dume au ni —